Ziwani bado tunaitegemea redio, lakini utabiri unasomwa mitumbwi imekwisha kuondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo siku hizi inasikika kila mahali, kuanzia kwenye semina za maofisa hadi kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mwanza, kwamba redio ni chombo cha wazee, kwamba kila mtu sasa ana simu mkononi, na kwa hiyo taarifa zote muhimu zipelekwe huko. Wanaosema hivyo si watu wa kubezwa. Simu zimeenea kweli, na mimi mwenyewe ninapotaka kujua bei ya dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba hupiga simu, sisubiri kutangaziwa. Hata hivyo, hoja yao ina kasoro ambayo mtu anayeishi kando ya ziwa huiona mara moja: inahesabu vyombo vilivyomo mifukoni mwa watu, lakini haiulizi nani anasikia nini, saa ngapi, akiwa wapi, na akiwa na nani.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ukerewe na baadaye hapa Ilemela hadi nilipostaafu, na sasa ninasaidia kutunza kumbukumbu za kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, hicho tunachokiita BMU, katika mwalo mmoja, yaani pwani ambapo mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki, upande wa Kayenze. Kwa sababu ya kazi hiyo huwa mwaloni jioni nyingi, na ninayoyaandika hapa ni mambo ambayo yeyote anaweza kuja kuyathibitisha.

Uvuvi wa dagaa una ratiba yake. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu na kumalizana na wadai wao. Giza likiingia, yaani zile siku ambazo usiku hauna mwezi, kazi huanza, kwa kuwa dagaa hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Mitumbwi huanza kuondoka kwenye saa kumi na moja jioni ikiwa na karabai au, kama ilivyo kawaida zaidi sasa, taa za sola, na hurudi alfajiri. Simu za wavuvi wengi hubaki nchi kavu kwa wake zao au kwa mama lishe, na zile zinazopanda chomboni huzungushiwa mifuko miwili mitatu ya nailoni, kwa sababu maji yakishaingia hakuna fundi wa kuziokoa. Kinachozungumza chomboni ni redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa kamba ubaoni. Haidai bando wala vocha, na wote waliomo ndani ya mtumbwi huisikia kwa wakati mmoja bila mikono yao kuacha kazi. Tena minara ya simu imejengwa kuwahudumia watu huko wanakoishi, hivyo ukishaingia ndani ya ziwa mtandao huanza kukatika, ilhali matangazo ya FM yanayorushwa kwa nguvu kubwa kutoka kwenye mlingoti ulio juu ya kilima hayakuti kizuizi juu ya maji. Nimewahi kushuhudia kisiwani mtu aliye wazi majini akisikia stesheni ya Mwanza vizuri kuliko jirani yake aliyejenga nyuma ya majabali.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo watu wa bara hawalijui mpaka waelezwe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa ukubwa huo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo kutoka pande zote hushuka kuelekea katikati ya ziwa, hukutana huko na kuisukuma juu hewa yenye unyevu mwingi. Mawingu hujengeka kwa haraka ya ajabu, na dhoruba zenye radi na upepo mkali hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo mvuvi wa dagaa yuko mbali zaidi na nchi kavu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili kwa nchi zake zote tatu, na walio wengi hawafi katika ajali kubwa zinazoandikwa na magazeti. Hufa wawili, watatu, mtumbwi mmoja mmoja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, ukiwamo wa ziwa. Kazi ya kisayansi inafanyika. Tatizo liko kwenye hatua ya mwisho, ile ya kuufikisha kwa mtu. Utabiri unaosomwa asubuhi humkuta mvuvi amelala baada ya kukesha. Ule unaosomwa mwishoni mwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku humkuta amekwisha kuwasha taa zake katikati ya maji, na wakati huo kuambiwa kwamba mawimbi yatakuwa makubwa hakumsaidii sana. Saa inayofaa ni moja tu, nayo ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, wakati mitumbwi bado iko mchangani na mafuta hayajatiwa kwenye injini. Fungua redio saa hiyo katika ukanda wetu huu. Mara nyingi utakuta muziki, au vijana wawili wanataniana, au wachambuzi wa mpira wanaowapangia wasikilizaji mikeka ya kubeti. Sina ugomvi na mpira. Nakumbuka tulivyozunguka redio mwaka 1990 Pamba ya hapa Mwanza ilipotwaa ubingwa. Lakini dakika tano za ziwa zisipatikane kwa sababu ya mikeka, hilo sikubaliani nalo.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kumtumia kila mvuvi ujumbe mfupi wa simu. Tuliwahi kulijadili jambo hili mwaloni kwetu kwa kirefu, na yaliyosemwa pale na wavuvi wenyewe ndiyo yaliyonisukuma kuandika barua hii.

Mtumbwi kwa kawaida si mali ya wanaoupanda. Una tajiri wake, ambaye huenda yuko mjini, ndiye aliyenunua nyavu, injini na mafuta, na ndiye anayesubiri mgawo wake asubuhi. Mabaharia, yaani wale vijana watatu au wanne wanaokwenda ziwani, hulipwa kutokana na kilichopatikana, na wengi wao wameshachukua fedha kabla ya giza kuanza. Sasa chukulia kwamba kijana mmoja amepokea ujumbe kwenye simu yake unaosema usiku huu kutakuwa na upepo mkali. Atamwambia nini tajiri? Akisema haendi, ataonekana mvivu au mwoga, na kesho nafasi yake itakaliwa na mwingine kati ya wengi wanaosubiri pale pale. Ujumbe alioupata ni wake peke yake, na mbele ya mtu anayemdai hauna uzito wowote. Lakini utabiri huo huo ukisomwa redioni, ukasikika kwenye kibanda cha mama lishe, kwenye duka la vipuri, kwenye gari la mnunuzi na nyumbani kwa tajiri mwenyewe huko Nyakato, basi kila mtu amesikia, na kila mtu anajua kwamba mwenzake amesikia. Hapo kijana hahitaji kubishana. Nahodha naye anaweza kusema tusubiri bila kupoteza heshima yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu: mwalo mzima ukibaki nchi kavu kwa sababu ya tangazo lililosikika kwa sauti kubwa kutoka redio moja, wakati siku nyingine onyo lililoletwa kwa simu ya mtu mmoja lilipuuzwa kwa kicheko.

Kwa maoni yangu, nguvu ya redio katika maisha ya jamii iko hapo tangu mwanzo. Vyombo vingine navyo vina sauti, na vinafika mbali. Redio inafanya watu wengi wasikie jambo lile lile, saa ile ile, kwa namna ambayo hakuna anayeweza kudai kwamba hakuambiwa.

Historia ya nchi yetu inaonyesha hivyo kwa mifano ambayo wazee wenzangu wanaikumbuka. Utangazaji ulioanza Dar es Salaam mwaka 1951 ulikuwa mdogo, ukisikika mjini pale na maeneo ya jirani, lakini kufikia miaka ya Radio Tanzania Dar es Salaam nchi nzima ilikuwa ikipanga siku yake kwa kuifuata redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu kidogo na redio, na kwa majuma kumi na mawili walikutana kwa saa iliyopangwa, wakasikiliza kipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Kuhusu kichocho, sisi wa kandokando ya ziwa hatukuhitaji kufafanuliwa sana, maana watoto wetu walikuwa nacho. Si kwamba kabla ya hapo watu hawakuwahi kuambiwa na bwana afya wachimbe choo. Walikuwa wameambiwa mara nyingi, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na mara nyingi kwa vitisho. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alisikia pamoja na jirani zake, akajibu mbele yao, na jumamosi ilipofika akaona aibu kuwa peke yake asiye na jembe mkononi.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Waandaaji walifanya jambo la busara: kwa miaka miwili ya kwanza mchezo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili mabadiliko ya watu wa huko yaweze kulinganishwa na ya sehemu nyingine za nchi. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika, na baada ya Dodoma nayo kuanza kuupata, hali ikabadilika huko pia. Watafiti waliandika kwa takwimu. Mimi nakumbuka jambo dogo zaidi, kwamba walimu wenzangu wa kiume, ambao wasingethubutu kutamka neno kondomu ofisini, walikuwa wakibishana asubuhi kuhusu tabia za dereva wa kwenye mchezo. Walipata njia ya kuzungumza juu yao wenyewe kwa kumsema mtu mwingine, na njia hiyo ilikuwapo kwa kuwa wote walikuwa wamesikiliza jana yake.

Kuhusu misiba ya ziwa sitaandika mengi, kwa sababu katika mkoa huu kila ukoo una yake. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo, redio binafsi nchini zilikuwa bado changa na simu za mkononi karibu hazikuwapo. Tulikaa redioni siku zote tatu za maombolezo, na watu ambao hawakuwa na redio walisimama madirishani kwa waliokuwa nayo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, simu tulikuwa nazo tele. Zilituletea idadi za marehemu zinazopingana kila baada ya nusu saa, pamoja na picha ambazo hakuna mzazi alipaswa kuziona. Nilijikuta, pamoja na majirani wenye simu za gharama kubwa kuliko yangu, tukirudi kwenye redio kusubiri saa kamili ili tusikie lililothibitishwa. Stesheni ya redio ina jina, ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ina mlango ambao mtu anaweza kuubisha na kulalamika. Uvumi wa kwenye simu hauna pa kubisha.

Sisemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri. Tulipokuwa na stesheni moja ya taifa, mtu wa Ukara alisikia habari nyingi za Dar es Salaam na chache mno za Ukara, na kilichokuwa hakitakiwi kusikika hakikusikika. Sheria ya mwaka 1993 iliyoruhusu watu binafsi kumiliki vituo vya utangazaji ilituletea faida kubwa hapa kanda ya ziwa. Radio Free Africa ilianzia Mwanza ikasikika karibu nchi nzima, jambo ambalo kwa kizazi chetu, kilichozoea sauti zote kutoka Dar es Salaam, lilikuwa fahari ya peke yake. Ng'ambo ya ghuba kuna redio ya jamii ya Sengerema, na miji mingine ya kanda nayo ina vituo vyake. Yaani leo tuna kile ambacho mwaka 1973 hatukuwa nacho: redio za karibu, zinazoweza kutaja visiwa vya Kome, Maisome, Irugwa na Goziba kwa majina, na zenye watangazaji wanaojua mwalo ni kitu gani. Ndiyo maana inauma zaidi kuona redio hizo zikishindana kufanana na za Dar es Salaam.

Najua pia kwamba vituo vinahitaji fedha, na kwamba kampuni za kubashiri hulipa wakati halmashauri hailipi. Kwa hiyo sitaki kuishia kulalamika. Ninaomba yafuatayo, na ninaamini hakuna hata moja lililo ghali.

Kwanza, vituo vyote vinavyosikika ziwani vikubaliane kusoma utabiri wa ziwa saa kumi na nusu jioni, kila siku, vikisoma kwa pamoja. Saa hiyo isihamishwe kwa sababu ya mechi wala ziara ya kiongozi. Mtu akishajua saa, ataitafuta. Saa ikihamahama, ataacha. Kina mama wanaoanika dagaa mchangani na kwenye vichanja nao watafaidika, kwa maana mvua ya usiku mmoja inaweza kuharibu mzigo wa juma zima, na wao wakijua mapema wataufunika.

Halafu utabiri wenyewe usomwe kwa lugha ya ziwa. Kasi ya upepo kwa kilomita na kimo cha mawimbi kwa mita vibaki, kwa sababu vijana wengi wamesoma na wanavielewa, lakini viambatane na maeneo tunayoyajua: ghuba ya Mwanza hadi Kome, kati ya Ukerewe na Musoma, visiwa vya Muleba hadi Bukoba. Na kama hali ni ya hatari, mtangazaji atamke waziwazi kwamba mitumbwi midogo isitoke usiku huu, arudie mara tatu, aseme na onyo hilo linaisha saa ngapi. Utabiri ukikosea, kituo kiseme kesho yake kwamba ulikosea. Wavuvi hawatarajii uganga. Wanachokasirikia ni kuambiwa maneno ya jumla yasiyoweza kukosea wala kusaidia, kama vile "kutakuwa na vipindi vya mvua katika baadhi ya maeneo".

Halmashauri za Ukerewe, Ilemela, Sengerema, Buchosa na Magu zinakusanya ushuru wa samaki na dagaa kutoka mialoni mwetu. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikilipia dakika hizo tano, vituo havitakuwa na sababu ya kuziuza kwa mwingine. Ukerewe peke yake ina visiwa 38, vingine vikiwa na watu wa kudumu na vingine kambi za msimu ambazo ofisa hufika mara chache sana kwa mwaka. Sijui njia nyingine ya kuzungumza na kambi hizo zote jioni moja kwa gharama ndogo hivyo.

Jambo la mwisho linawahusu wauzaji wa simu. Vile vitochi vya bei nafuu karibu vyote vina redio ya FM ndani yake, na vijana wetu huvitumia hivyo. Simu kubwa nyingi za siku hizi hazina, au zinayo lakini haifanyi kazi mpaka uchomeke waya wa spika za masikioni, ambao ndio unaotumika kama antena, na zingine hata tundu la kuchomekea zimeliondoa. Serikali inayotoza kodi kwenye simu hizo inaweza angalau kuwauliza waagizaji kwa nini.

BMU yetu iko tayari kukaa na kituo chochote pamoja na ofisi ya hali ya hewa ya kanda, na kukabidhi orodha ya mialo na saa ambazo mitumbwi huondoka katika kila mmoja. Mbalamwezi ndiyo wakati mzuri wa kikao kama hicho, kwa kuwa wavuvi wako nyumbani. Kikifanyika mbalamwezi ijayo, saa hiyo mpya inaweza kuanza kutumika giza litakapoingia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kayenze, Ilemela, Mwanza